Pancha Isigeuke Msiba: Mwongozo wa Kuvuka Jangwa kwa Pikipiki Mkiwa Wawili

Ukitoka Columbus ukashika barabara kuu ya I-70 kuelekea magharibi, usipoiacha itakufikisha Utah. Wa Louisville huiingia St. Louis baada ya kufuata I-64. Wa Buffalo hushika I-90 hadi Cleveland, kisha I-71 hadi Columbus. Ni safari ya zaidi ya maili 1,500, na kwa kijana aliyenunua pikipiki yake ya kwanza, mwenye jamaa Utah au Nevada, inavutia sana. Mkewe au mdogo wake atapanda nyuma, na safari itaanza kwa furaha.

Njia nzima hadi Colorado, kosa dogo husameheka. Mafuta yakipungua kuna kituo, kiu ikibana kuna duka. Ukishaupita mji wa Green River, Utah, hesabu hubadilika. Kutoka hapo hadi Salina ni zaidi ya maili 100, yaani zaidi ya kilomita 160, bila kituo cha mafuta, bila duka, bila nyumba ya wageni. Hicho ndicho kipande kirefu kuliko vyote kisicho na huduma katika barabara kuu za Marekani.

Wengi wetu wa Columbus, Louisville na Buffalo tulipitia kambi ya wakimbizi ya Kakuma, Kenya, na jua la Turkana tunalijua. Lakini kule pikipiki ikianguka watu hutokea: mchungaji, mtoto mwenye dumu la maji, dereva mwingine wa bodaboda mwenye spana mfukoni. Huku hatokei mtu kutoka vichakani. Msaada wa kwanza ni ule mliobeba wenyewe, na mtu wa kwanza wa kukuokoa ni huyo aliyekaa nyuma yako. Kwa hiyo shabaha ya mwongozo huu ni moja: abiria ajue kila unachokijua wewe dereva. Mkianguka, hakuna awezaye kusema mapema ni nani atabaki na fahamu zake.

1. Kwa nini ajali ndogo hukua jangwani

Kuna sababu tatu, na kila hatua utakayoisoma hapa inajibu mojawapo.

Ya kwanza ni joto. Ngozi ya binadamu ina joto la kama nyuzi 35 za Selsiasi. Hewa ikizidi hapo, upepo wa mwendo haukupoezi tena. Unakupasha, na unakausha jasho kabla hujaliona. Mtu anaweza kupungukiwa maji huku fulana yake ni kavu kabisa. Lami nayo huchoma: mchana wa kiangazi huweza kupita nyuzi 60, ikamuunguza aliyelala juu yake.

Ya pili ni mawasiliano. Mabondeni na kwenye miamba ya San Rafael, ambayo njia hii huipita baada ya Green River, simu hupoteza mtandao, tena mara nyingi pale pale unapouhitaji.

Ya tatu ni uzito wa watu wawili. Pikipiki yenye abiria huchelewa kusimama, hubadilika kwenye kona, huchosha tairi la nyuma na hunywa mafuta zaidi. Dereva aliyezoea kuendesha peke yake hukadiria vibaya vyote vinne.

2. Sheria na karatasi kabla ya safari

Sheria hubadilika ukivuka mpaka wa jimbo, na kutoijua hakukuokoi.

- Leseni. Leseni ya gari peke yake haitoshi; unahitaji ya pikipiki. Ohio, mwenye kibali cha mwanafunzi haruhusiwi kubeba abiria, kuendesha usiku, wala kuingia barabara kuu.
- Kofia ngumu. New York na Nevada kila mtu lazima avae, dereva na abiria. Kentucky inawabana walio chini ya miaka 21 na madereva wasiotimiza mwaka mmoja wa leseni. Ohio inawabana walio chini ya miaka 18 na madereva wa mwaka wa kwanza pamoja na abiria wao. Wewe zifuate zote kwa mkato: vaeni nyote wawili, kila mahali.
- Bima. Hapa wengi hujikwaa. New York, malipo ya matibabu yanayokuja na bima ya lazima ya gari hayamhusu aliyepanda pikipiki. Kentucky, malipo ya namna hiyo hayaji yenyewe kwenye pikipiki; unayanunua kwa hiari. Mpigie wakala wako umuulize maswali mawili: "Abiria wangu akiumia, nani analipa?" na "Nikikwama jimbo jingine, mnanivuta hadi wapi?"
- Karatasi. Beba leseni, usajili wa pikipiki, kadi ya bima ya pikipiki na kadi ya bima ya afya. Asiye raia mwenye miaka 18 au zaidi anatakiwa kisheria kutembea na hati yake ya ukaazi au ya uhamiaji.
- Idadi ya watu. Mshikaki wa nyumbani uache nyumbani. Abiria ni mmoja, kwenye kiti chake na vikanyagio vyake.

3. Saa moja ya mafunzo kwa abiria

Tafuta uwanja wa kuegesha magari ulio wazi asubuhi ya Jumapili. Mfanye haya kwa utaratibu, pikipiki ikiwa na mizigo yote ya safari.

1. Kupanda na kushuka. Anapanda na kushuka upande wa kushoto, baada ya dereva kutikisa kichwa kukubali. Upande wenye ekzosi ndio ulioacha makovu kwenye miguu ya abiria wengi wa bodaboda; mwonyeshe ilipo.
2. Miguu. Inabaki kwenye vikanyagio hata mnaposimama kwenye taa. Kazi ya kukanyaga chini ni ya dereva.
3. Kona. Atazame juu ya bega la dereva upande mnaoelekea, asijivute upande wa pili kwa hofu.
4. Breki ya ghafla. Ifanyeni mara tano mkianzia mwendo mdogo, ili wewe ujue pikipiki inahitaji umbali gani na yeye ajue kujizuia.
5. Ishara. Kelele za upepo humeza maneno. Kubalianeni: kugonga bega mara moja ni "punguza mwendo", mara mbili ni "nahitaji maji", kugonga mfululizo ni "simama sasa".
6. Kuzima injini. Mwonyeshe swichi nyekundu kwenye mkono wa kulia wa usukani. Aibonyeze mwenyewe mara kadhaa. Mkianguka na wewe ukabaki chini, hilo ndilo jambo la kwanza atakalofanya.
7. Simu. Ajue namba ya siri ya simu yako, na wewe ya kwake. Kila mmoja abebe simu yake mwilini, kamwe isiwe kwenye begi lililofungwa kwenye pikipiki.

> TAHADHARI: NGUO ZINAZOPEPEA
> Kanga, dira, baibui au mtandio mrefu vikinaswa na cheni au gurudumu humvuta mtu chini kwa mwendo ule ule mnaokwenda nao. Abiria avae suruali nzito, jaketi lenye mikono mirefu, glavu na viatu vinavyofunika kifundo cha mguu. Anayevaa hijabu avae ile ya kubana kichwa chini ya kofia, ncha zote zikiwa ndani ya jaketi.

4. Mzigo wa jangwani

Maji ndiyo mzigo wa kwanza. Kadiria galoni moja, kama lita nne, kwa kila mtu kwa siku. Yagawe sehemu mbili: ya kunywa njiani, na akiba isiyofunguliwa ila mmekwama.

☐ Maji ya watu wawili, kwenye vyombo viwili tofauti
☐ Chumvi za kuongeza maji mwilini na vitafunio vyenye chumvi
☐ Doti moja ya kanga
☐ Vifaa vya kuziba pancha na pampu ndogo ya betri
☐ Kipimo cha upepo wa tairi
☐ Bandeji, chachi, glavu za mpira, mkasi, mkanda wa kuzuia damu
☐ Blanketi jembamba la karatasi ya fedha, kwa kuwa usiku jangwa hupoa sana
☐ Tochi ya kichwani, filimbi, kioo kidogo
☐ Betri ya akiba ya simu iliyojaa
☐ Karatasi yenye majina yenu, dawa mnazotumia, mizio, na namba za ndugu wawili

Kanga inastahili maneno yake. Ya kwanza ifunge pembe mbili kwenye usukani na kiti cha nyuma, pembe nyingine mbili izikandamize kwa mawe: hapo mna kivuli. Ya pili ikunje pembe tatu umfungie aliyevunjika mkono. Loweka upindo wake umfunge shingoni aliyezidiwa na joto. Ikipeperushwa juu ya jiwe, rangi zake huonekana kwa mbali kwenye ardhi ya kahawia. Ikae kwenye begi lenu daima, maana kwenye bega itawaangusha.

Mwachie mtu ratiba. Ndugu mmoja Louisville, Columbus au Buffalo awe na njia mtakayopita, mahali pa kulala na saa ya kupiga simu. Angalizo: Utah iko nyuma kwa saa mbili ikilinganishwa na miji yetu, na Nevada kwa saa tatu. Tena andika saa kwa tarakimu za hapa. Ukimwambia shangazi "saa nne usiku" na yeye akamwambia polisi "saa nne", utafutaji utaanza na saa sita za makosa. Andika 10:00 usiku, saa za Utah.

5. Kuingia jangwani

1. Pima upepo wa tairi asubuhi, kabla ya kuendesha. Tumia kipimo cha kubeba abiria kilichoandikwa kwenye kibandiko au kitabu cha pikipiki.
2. Jua tangi lako. Wiki moja kabla, jaza pomoni, endesha mkiwa wawili na mizigo, uandike maili. Kisha hesabu theluthi mbili tu za umbali huo, kwa sababu upepo wa mbele hula mafuta.
3. Jaza Green River hata kama tangi limebaki nusu. Kunyweni maji pale pale, si kuyabeba tu.
4. Ondokeni alfajiri. Mpange saa sita mchana iwakute mjini.
5. Fungeni jaketi. Kulifungua hewa ikiwa ya moto huharakisha kukauka. Lowesheni fulana ya ndani, jaketi libaki juu yake.
6. Simameni kila baada ya dakika 45, mnywe, na muulizane swali lenye hesabu ndogo. Anayechelewa kujibu amezidiwa, tafuteni kivuli.
7. Someni vibao vidogo vya kijani vyenye namba za maili. Ndani ya Utah namba za I-70 huanzia magharibi. Green River iko kwenye namba 160, Salina kwenye namba 56. Mkisimama penye 120, mnajua maili 40 ziko nyuma na 64 ziko mbele. Abiria ndiye awe msomaji wa vibao: kila anapoona kipya, akishike kichwani.

Kuanzia Julai hadi Septemba mvua za ghafla hushuka Utah, na korongo kavu hugeuka mto hata kama pale mlipo hakujanyesha tone. Msipumzike wala kulala korongoni. Vumbi likiwafunika, tokeni kabisa barabarani, zimeni taa ili anayewafuata asidhani ninyi mko njiani, mshuke na kusogea mbali na lami.

6. Mmeanguka: dakika kumi za kwanza

Hofu itawasukuma kuinua pikipiki kwanza. Iacheni. Chuma hakivuji damu.

1. Zima injini kwa swichi nyekundu. Petroli ikimwagika, sogeeni mbali, upande upepo unakotoka.
2. Itaneni majina. Anayejibu kwa sentensi nzima anapumua na ana fahamu.
3. Tokeni njiani. Asiyeweza kusimama avutwe tu kama magari au moto unamtishia; vinginevyo mwenye maumivu ya shingo au mgongo abaki alivyo.
4. Kofia ibaki kichwani kwa aliyeumia anayepumua vizuri. Ivuliwe tu kama hapumui, anatapika ndani yake au njia ya hewa imeziba. Mmoja ashike shingo na taya zisicheze. Mkiwa wawili tu na mmoja ndiye majeruhi, fungua kioo cha mbele na ukanda, uendelee kumwangalia.
5. Zuia damu. Kandamiza kidonda kwa uzito wa mwili wako, bila kuchungulia kila mara. Damu ya mkono au mguu ikikataa kukoma, funga mkanda sentimita tano hadi saba juu ya kidonda, usiufunge kwenye kiungo, kaza hadi ikome, andika saa. Usiufungue.
6. Tengeneza kivuli. Kama mlipo ni salama, tandika jaketi au begi kati ya mwili na ardhi ya moto.
7. Piga simu.

> DALILI ZA KUZIDIWA NA JOTO
> Jasho jingi, kichwa kuuma, misuli kukaza, kichefuchefu: mpeleke kivulini, mpe maji kidogo kidogo.
> Kuongea ovyo, kuyumba, kuzirai, degedege, ngozi ya moto: hii ni hatari ya kufa. Piga 911, mvue nguo nzito, mmwagie maji mwili mzima, mpepee. Asiyejitambua usimnyweshe.

7. Kupiga 911 kwa Kiswahili

Wapo wanaoogopa kupiga kwa sababu Kiingereza chao hakitoshi. Piga. Anayepokea huweza kuunganisha mkalimani kwa simu. Mfundishe abiria maneno haya hadi ayaseme akiwa usingizini:

1. Sema neno moja: "Swahili." Rudia mara mbili. Kutakuwa na ukimya wakati mkalimani anatafutwa, usikate.
2. Wakati unangoja, au ikionekana simu itakatika, taja mahali kwanza: "I-70, Utah, mile 120, motorcycle." Hata simu ikifa hapo, wameshajua pa kuja.
3. Mkalimani akiingia, eleza: mko wangapi, nani ameumia na wapi, anapumua au la, mna maji kiasi gani.
4. Usiwe wa kwanza kukata simu.

Simu isiyo na salio wala kifurushi bado hupiga 911, na mtandao wowote ulio karibu unatakiwa kuipokea. Pasipo sauti, jaribu ujumbe mfupi kwa 911. Sehemu nyingi huupokea. iPhone 14 na zilizofuata hutuma ujumbe wa dharura kwa setilaiti mahali pasipo mtandao kabisa: zina sehemu ya kujifunzia ndani ya mipangilio, ifanyeni mkiwa bado nyumbani. Mwenye simu nyingine anayepita njia za pembeni akodi au anunue kifaa cha setilaiti cha kuomba msaada.

8. Hamkuumia, pikipiki imegoma

*Kuinua pikipiki.* Ikiwa imelalia kulia, toa kwanza stendi ya pembeni na uiweke kwenye gia, isije ikaangukia upande wa pili. Geuka uipe mgongo, makalio yaegemee kiti, mkono mmoja ushike usukani na mwingine fremu. Rudi nyuma kwa hatua fupi ukisukuma kwa miguu. Abiria asimame upande wa pili akiwa tayari kuishika ikifika wima, lakini asikae chini yake.

*Pancha.* Kwanza jua tairi lako lina tyubu au halina; rimu za spoku nyingi zina tyubu. Lisilo na tyubu:

1. Tafuta msumari au mwiba, tia alama, kisha uutoe.
2. Ingiza kekee ya mkono utanue tundu mara kadhaa.
3. Sukuma utepe wenye gundi hadi ubaki mdogo nje, chomoa kifaa kwa haraka, kata uliozidi.
4. Jaza upepo, tia mate juu ya tundu. Povu likitoka, rudia.
5. Nendeni polepole hadi mji wa kwanza mkabadilishe tairi.

Jeraha la ubavuni mwa tairi halizibiki. Tairi la mbele lililotobolewa, au lenye tyubu usilojua kulifungua, mwite mwenye gari la kuvuta. Muulize bei nzima kabla hajafunga mnyororo.

9. Kungoja

Bakini na pikipiki. Inaonekana kwa mbali na angani. Mtu anayetembea haonekani. Kaeni kivulini, upande wa nje mbali na magari. Kunyweni mnaposikia kiu badala ya kubana maji. Ishara ya dharura ni tatu: filimbi mara tatu, mwanga wa kioo mara tatu, mawe mafungu matatu.

Makosa yanayorudiwa sana

- Kuachana: mmoja "kukimbilia msaada" akiacha mwenzake.
- Kuvua jaketi na kofia, kubaki na fulana juani.
- Kufuata ramani ya simu kwenye njia ya mkato ya vumbi.
- Kuweka simu zote mbili kwenye begi moja.
- Kuendelea na safari kwa aibu wakati abiria alishalalamika.

10. Baada ya ajali

Piga picha pikipiki, alama za lami na kibao cha maili. Karibu kila hospitali yenye chumba cha dharura inawajibika kisheria tangu 1986 kumpima na kumtuliza mgonjwa wa dharura bila kujali uwezo wake wa kulipa wala hati zake. Hospitali zinazopokea fedha za serikali kuu zinatakiwa kumpa mkalimani bure. Mwombe, na usimtumie mtoto kutafsiri. Wenye Medicaid: matibabu ya dharura nje ya jimbo lenu yanahesabika, toeni kadi mapema. Karatasi usiyoielewa usiisaini.

Ukaguzi wa mwisho: ajibu abiria

Usiku wa mwisho kabla ya kuondoka, dereva anyamaze. Abiria ajibu peke yake:

☐ Injini inazimwa wapi?
☐ Akiba ya maji iko wapi, na mkasi je?
☐ Namba ya siri ya simu ya dereva ni ipi?
☐ Dereva ana mzio gani, na anatumia dawa gani?
☐ Kibao cha maili kikisomeka 90, mji ulio karibu ni upi?
☐ 911 wakipokea, neno la kwanza ni lipi?

Akikosa moja, rudieni hadi alijue. Akikosa tatu, ahirisheni safari. Akijibu yote sita, mwamshe alfajiri, mwendeshe kwa mwendo wa kistaarabu, na akikugonga bega mara mbili, simama umpe maji.